Riwaya zetu na ukatili dhidi ya wanawake: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Ninafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita, na Jumamosi mbili za kila mwezi ninakaa na kikundi cha wasomaji watu wazima: fundi cherehani, muuguzi, dereva wa daladala, walimu wastaafu wawili watatu. Maswali yaliyo hapa yametoka pande zote mbili. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, nikaona heri niyaandike. Pale jambo lilipo zito nimekaa, pale lilipo jepesi nimepita. Nakutahadharisha kwamba nataja jinsi hadithi kadhaa zinavyokwisha. Sina budi, kwa sababu hoja yangu kubwa imo kwenye miisho.

Nianze na riwaya ipi?

Anza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Iko Ukerewe, kisiwa alikozaliwa mwandishi mwenyewe, na inasomeka kwa siku mbili.

Kuna tukio la mwanzoni ambalo huwa nalisoma kwa sauti darasani kabla sijasema neno lolote. Zakaria, baba yake Rosa, ameipata barua ambayo binti yake ameandikiwa na kijana anayeitwa Charles. Kinachofuata ni kipigo. Kosa kubwa la Rosa ni kwamba ameandikiwa. Zakaria huyo huyo ni mlevi, na nyumba inasimama kwa mikono ya mkewe, Regina. Yaani mtu asiyeweza kuilisha nyumba yake anajipa kazi moja tu ya ubaba, kuulinda mwili wa binti yake, na kazi hiyo anaifanya kwa fimbo.

Nikimaliza kusoma, darasa huwa kimya. Halafu nawaambia tulisome tena, na safari hii tumtafute mama. Yuko wapi? Anaweza kufanya nini, na nini kinamzuia? Mara ya kwanza watu wanaona kipigo. Mara ya pili wanaanza kuiona nyumba nzima: nani ana sauti, nani anaomba ruhusa, nani akikohoa wengine wananyamaza. Hapo ndipo neno mfumo dume linapoacha kuwa neno la kukariri.

Rosa anakwenda sekondari ya bweni Mwanza akiwa amejifunza somo moja kuhusu wanaume, nalo ni woga. Kezilahabi anatuonyesha jinsi woga huo, ukikosa mtu wa kuuelewa, unavyogeuka kuwa kitu kingine.

Si ndicho kile kitabu kilichopigwa marufuku?

Ndicho. Kiliondolewa shuleni Tanzania kwa madai kwamba kinaharibu maadili, na baadaye kikaruhusiwa. Leo nakifundisha.

Nimewauliza wazee wengi waliokuwa walimu siku hizo ni kitu gani hasa kiliwachoma. Wote wananitajia mapenzi, mimba, kutoa mimba. Sijampata hata mmoja aliyesema kitabu kilistahili kufungiwa kwa sababu baba anamtesa mtoto. Kipigo kilipita bila kuonekana. Mpaka leo, mzazi akinilalamikia kuhusu riwaya ya darasani huwa analalamikia kitanda, halalamikii fimbo.

Kuna jambo jingine la mwaka huo huo wa 1971. Ndio mwaka Tanzania ilipotunga Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa kwa kumwadhibu. Sheria hiyo hiyo ikaruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu vinavyoruhusu ndoa hizo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Nawaambia wanafunzi waisome sheria hiyo na riwaya hiyo pamoja, kama watoto wawili waliozaliwa nyumba moja.

Kwenye mtihani naandika "mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe." Kuna ubaya gani?

Alama utapata. Miongozo yote imeandika hivyo, na mimi mwenyewe niliandika hivyo nilipokuwa mtahiniwa. Lakini itazame sentensi yenyewe. Chombo cha starehe cha nani? Nani anastarehe? Sentensi imemweka mwanamke mezani, na aliyekaa kwenye kiti hatumwoni.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha sita aliandika kwamba Rosa "alijirahisisha." Niliizungushia kalamu nyekundu na pembeni nikaandika maneno mawili: kwa nani? Alikuja ofisini amekasirika kidogo. Tukafungua kitabu. Tukaanza kuwahesabu: wanaume wenye vyeo, wenye fedha, na hata mkuu wa chuo, mtu aliyekabidhiwa mabinti wa watu awalee. Tulipofika kwa huyo wa mwisho akanyamaza, akaomba karatasi yake airudie. Sentensi yake mpya ilikuwa hivi: "Mkuu wa chuo alimtumia mwanafunzi aliyekuwa chini ya mamlaka yake." Ndefu kidogo, lakini ina mtu ndani yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Iandike hiyo "chombo cha starehe" ikiwa unahofia alama, ila sentensi inayofuata iwe na mtendaji. Vivyo hivyo kwa zile ndugu zake: "kiumbe duni," "asiye na maamuzi," "tegemezi." Aliyemnyima maamuzi ana jina, na jina limo ukurasani.

Unasema tuangalie mtendaji. Je, lugha yenyewe ya Kiswahili haituponzi?

Inatuponza, na swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Hilo kila mtu analijua. Nenda mbele kidogo. Tunasema msichana "amepata mimba," kama anavyopata homa. Tunasema "ameharibiwa," kana kwamba ni sufuria iliyotoboka na haina kazi tena. Na kuna neno kunajisi, ambalo magazeti yetu, hasa ya Kenya, bado yanalitumia kila wiki kwa habari za watoto waliobakwa. Najisi ni uchafu. Neno linasema mtoto sasa ni mchafu. Aliyetenda uchafu ni mwingine, lakini kwenye neno lenyewe uchafu umebaki kwenye mwili wa mtoto.

Mwandishi wa riwaya anafanya kazi na maneno haya haya, hana mengine. Kwa hiyo unaposoma, sikiliza msimulizi anachagua lipi. Je, anasema "alibakwa," au anasema "alipoteza usichana wake," kama aliyeudondosha njiani? Je, neno la aibu linatoka kinywani mwa mhusika, ambaye tunaweza kumpinga, au linatoka kwa msimulizi, ambaye tumezoea kumwamini? Mara nyingi riwaya inamtetea mwanamke kwa matukio na papo hapo inamhukumu kwa msamiati. Mwandishi hakukusudia. Lugha ilimtangulia.

Mbona katika riwaya nyingi mwanamke aliyeumizwa ndiye anayekufa au kupotea?

Hapa ndipo ninaposimama kwa muda mrefu, na sitaki kukuharakisha.

Chukua Rosa. Baada ya yote, Charles anarudi maishani mwake. Kuna uchumba, kuna matumaini. Kisha Charles anagundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua. Charles haulizwi na mtu yeyote yeye mwenyewe alikuwa nani miaka yote hiyo. Chukua Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980: anatoroka nyumba ya baba yake aliyemfungia, na kilichomngoja nje ni ulevi na danguro. Chukua Kijakazi wa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, ya 1978: mtumishi anayetumikishwa kwenye jumba la bwana mwenye shamba mpaka mwili wake unaisha.

Ninachowaambia wasomaji wangu ni kwamba mwanamke katika riwaya anaweza kupigwa mara mbili. Mara ya kwanza anapigwa na mhusika. Mara ya pili anapigwa na mwandishi, pale mwandishi anapompa yeye adhabu na kumwacha mwingine aendelee na safari. Kipigo cha kwanza tunakiona na kukilaani. Cha pili tunakiita funzo.

Lakini lazima niwe mwadilifu kwa Kezilahabi. Baada ya kifo cha Rosa, riwaya haifungwi kaburini. Kuna baraza la hukumu mbele ya Mungu, na Rosa na Zakaria wanasimama hapo, binti akimtuhumu baba. Mwandishi alihitaji kwenda mbinguni kupata mahakama ambako msichana angeweza kumshtaki mzazi wake. Kwangu mimi hilo ndilo shtaka kali kuliko yote lililoandikwa na kizazi kile: duniani hakukuwa na baraza la kumsikiliza. Kwa hiyo sisemi Kezilahabi alimwadhibu Rosa. Nasema wasomaji wengi humwadhibu kwa niaba yake. Huishia kwenye kifo, wakakiita onyo kwa wasichana, na ile hukumu ya mwisho wakaipita kama nyongeza. Shuleni nilikosoma mimi, mwalimu alitufungia kitabu pale pale kwenye kifo. Akasema mmeona, mabinti. Wavulana tukacheka. Nimebeba kicheko kile miaka mingi.

Ukitaka kuona mwisho wa namna nyingine, soma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999 na kutengenezewa filamu mwaka 2021. Yasmin ni msichana wa miaka 15 wa jamii ya Kihindi hapo Unguja wakati wa ukoloni, ameozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa makamo aliyempita mbali sana kwa umri. Yasmin anaondoka. Anapenda, anakosea, anakataliwa na ndugu zake, anaadhirika, anapenda tena. Kwa mazoea ya riwaya za kabla yake, msichana wa namna hiyo angekwisha kuzikwa kabla ya sura ya kumi. Shafi hamziki wala hamchafui. Anamwacha aishi, na maisha yake yana chai, nyimbo, kicheko, uchungu, kama ya mtu yeyote. Fundi cherehani wa kikundi chetu alipomaliza kukisoma alisema, "Mwalimu, nilikuwa nasubiri wamuue. Kila ukurasa nasubiri." Alikuwa amefundishwa kusubiri hivyo na vitabu vyote alivyosoma kabla.

Utengano ni riwaya ya ukatili kweli? Nilidhani ni ya siasa na malezi.

Ni vyote. Bwana Maksuudi ni mtu mkubwa, anaheshimika mtaani, anawania uongozi. Ndani ya nyumba yake mke na binti wamefungiwa. Ukatili wake mkubwa haupigi kelele: ni mlango. Mwandishi anajua kwamba mlango ukifungwa kwa jina la heshima, jirani hawezi kubisha hodi.

Tukio la kulitazama kwa karibu ni la uzazi. Tamima, mke wa Maksuudi, ameshikwa na uchungu na mumewe hayupo. Kanuni ya nyumba ni kwamba watu wa nje hawaingii. Uchungu haungoji kanuni. Anaitwa mkunga, Bi Farashuu, ambaye ana donda lake la zamani na Maksuudi. Maksuudi anarudi, anakuta mke amejifungua na amri imevunjwa. Anapiga, kisha anatoa talaka. Mwanamke ametoka kuzaa, anaachwa kwa kosa la kusaidiwa kuzaa.

Muuguzi wetu wa kikundi alilia aliposoma hapo. Alituambia kuhusu wanawake wanaofika wodini wamechelewa kwa sababu mwenye nyumba alikuwa safarini na hakuna aliyethubutu kuamua. Hakutaja jina la mtu na wala hakuhitaji. Tangu siku hiyo silisomi tukio lile kama la Unguja ya zamani.

Wanawake wenyewe hawashiriki? Kwenye riwaya nyingi mama ndiye anayenyamaza.

Wanashiriki, na waandishi wazuri hawalifichi. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ya mwaka 2014, ambayo watahiniwa wa Kenya waliisoma kwa miaka kadhaa, kuna msichana anaitwa Sauna. Anabakwa na baba yake wa kambo. Mama anajua. Mama anasaidia mimba itoke na siri ibaki ndani. Sauna anayekua kutoka kwenye nyumba ile anakuja kuwa mtu wa kuwaumiza watoto wa wengine. Humo humo kuna Pete, ambaye ndugu wanaketi kikao na kumwoza kwa mzee, na Tuama, msichana anayeutetea ukeketaji uliokaribia kumuua.

Watu hukimbilia kusema "adui wa mwanamke ni mwanamke." Siipendi kauli hiyo kwa sababu inafunga mjadala pale unapotakiwa uanze. Muulize mama yake Sauna swali la kawaida kabisa: akisema, atalala wapi usiku huo? Nyumba ya nani? Chakula cha nani? Ndugu zake watampokea au watamrudisha kwa mume? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ikisema itavunjwa. Sisemi hana hatia. Mtoto wake aliangamia naye akitazama. Nasema hatia yake ina kuta, na kuta hizo zilijengwa na wengine.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani fulani, dhidi ya asilimia 40 ya wanaume. Katika utafiti huo huo, asilimia 40 ya wanawake wa umri huo walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini. Takwimu hizo zikisomwa peke yake zinaweza kukufanya uwadharau wanawake. Zisome baada ya riwaya, utasikia sauti ya mama wa Sauna ndani ya ile 58.

Je, mwandishi mwanamume anaweza kuandika haya kwa haki?

Anaweza. Shafi ameweza. Lakini hesabu haidanganyi: kwa miongo mingi riwaya ya Kiswahili kuhusu mateso ya mwanamke iliandikwa zaidi na wanaume. Wanawake walikuwepo. Ndyanao Balisidya alitoa Shida mwaka 1975. Penina Muhando alichagua jukwaa: Hatia ilitoka 1972, na Nguzo Mama ikafuata miaka kumi baadaye. Zainab Burhani alitupa Mwisho wa Kosa. Clara Momanyi na Assumpta Matei wamekuja baadaye.

Tofauti ninayoiona mimi, na hapa natoa maoni yangu tu, ni ya mahali kamera inapowekwa. Mwanamume mara nyingi anaandika anguko: alivyokuwa safi, alivyochafuka, alivyokwisha. Mwanamke mara nyingi anaandika kesho yake: nani alichota maji asubuhi ile, watoto walienda shule vipi, yule aliyetenda alipokaa mezani alipewa chai na nani. Kesho yake ndiyo ngumu kuandika.

Haya si mambo ya mila na dini yetu? Riwaya hazitutukani?

Kabla ya riwaya tulikuwa na tenzi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wosia, na sehemu kubwa ni jinsi ya kumtii na kumridhisha mume. Wako wanaousoma kama kitabu cha unyenyekevu. Wako wanaouona kama mama mgonjwa anayempa mwanawe silaha pekee alizokuwa nazo mwanamke wa wakati ule. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa siku nyingine nikiusoma nasikia tu mlango ukifungwa.

Miaka mingi baadaye, huko Unguja, Siti binti Saad akaimba kuhusu Kijiti, mwanamume aliyemchukua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, akaenda naye porini, akamrudisha maiti. Muuaji alitorokea bara, na waliotoa ushahidi wakaishia kuadhibiwa wao. Mwanamke Mwislamu, Mswahili, akiimba kwa taarabu kwamba mahakama imekosea. Kwa hiyo anayesema malalamiko haya ni ya kuletwa kutoka Ulaya hajamsikiliza Siti. Shaaban Robert aliuandika wasifu wake ukatoka 1958. Utafute.

Dini nayo: Maksuudi anaonekana mcha Mungu, na riwaya haiishambulii ibada yake. Inashambulia matumizi yake.

Kuonyesha ubakaji kwa undani ni kuelimisha au ni kuumiza upya?

Inategemea tumesimama upande gani. Katika Chozi la Heri, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, vijana wanaingia kwa Kaizari na kuwabaka mabinti zake, Lime na Mwanaheri, baba akiona. Unaweza kuandika hivyo kwa kumfuata mbakaji kwa macho, msomaji akajikuta anachungulia. Au unaweza kubaki na wanaoumizwa, pamoja na baba asiyeweza kuinua mkono. Nina kipimo kimoja ninachokitumia: nikimaliza ukurasa, nakumbuka mwili au namkumbuka mtu? Nikikumbuka mwili tu, mwandishi amekosea, hata kama dhamira yake aliitangaza kwenye utangulizi.

Darasani natangaza siku moja kabla kwamba kesho tutasoma ukurasa mgumu. Anayetaka kukaa maktaba anakaa, bila kuulizwa sababu.

Mbona wanaume wote wanachorwa wabaya?

Si wote. Sulubu wa Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed ya 1976, ni mkulima maskini anayempenda Rehema aliyekataliwa na baba yake mzazi. Denge wa Vuta N'kuvute ana utu. Msome Kaizari tena. Mvulana anayeuliza swali hili mara nyingi anauliza lingine chini yake: je, mimi nitakuwa hivyo? Mjibu hilo la chini.

Kuna vitabu vya nje vilivyo kwa Kiswahili?

Vipo. Barua Ndefu Kama Hii ni tafsiri ya riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Hakuna ngumi humo. Kuna mume anayeoa rafiki wa binti yake bila kumwambia mkewe, na mke anakuja kuambiwa na wajumbe waliovaa vizuri. Wanaosema ukatili ni mpaka damu itoke, naanza nao hapo.

Nifanye nini mwanafunzi akisema, "Mwalimu, hii ni nyumbani kwetu"?

Hili limenitokea mara nne. Halisemwi kwa sauti darasani. Linasemwa mlangoni, wenzake wakishatoka, ameshika kitabu kifuani.

La kwanza, usigeuze maneno yake kuwa mada. Usimwulize maswali ya uhakiki. Usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza, mwambie tangu mwanzo kwamba kama yuko hatarini utalazimika kumtafuta mtu wa kusaidia. Mwachie yeye achague mtu wa kumwamini kama yupo: shangazi, mama mdogo, matroni. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na simu ya watoto 116, ambayo ni bure. Kenya 116 ipo pia, na 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Ustawi wa jamii wa wilaya wajue mapema, si baada ya kipigo kingine. Na usimpigie mzazi simu "kusikia upande wake" kabla hujajua mzazi huyo ni nani katika hadithi hiyo. Nililifanya kosa hilo mara ya kwanza kabisa. Mtoto hakuja shule siku tisa.

Wa mwisho kati ya wale wanne alikuwa na Vuta N'kuvute, nakala yangu mwenyewe, jalada limeshikiliwa kwa gundi. Sasa anaishi kwa bibi yake, anatembea mwendo mrefu kuja shule. Juzi nilimwona chini ya mwembe anakisoma, yuko karibu na mwanzo. Nilidhani alikimaliza zamani. Nikamuuliza. Akasema amerudia.